Kobe Aliyemjengea Shangazi Nyumba

Juzi mwenzangu wa meza ya pili alifungua mkebe wake wa chakula karibu na kompyuta yangu, iliyokuwa imepata moto tangu asubuhi, na ofisi yote ikanuka omena na plastiki ya kuungua. Wengine walikimbilia madirisha. Mimi nilibaki nimekaa, vidole juu ya kibodi, kwa sababu harufu hiyo ya mbili kwa moja naijua tangu utotoni. Ni harufu ya laptopu ya Waya Atieno.

Waya, kwetu Wajaluo, ni shangazi, dada wa baba. Naeleza mapema kwa kuwa nina tabia ya kuogopa kwamba sijaeleweka, halafu naeleza hadi watu wanachoka. Waya Atieno alikuwa kitindamimba wa Dani, nyanya yangu. Alisomea kompyuta Kisumu, akamaliza, akakosa kazi, akakaa Kisegi kwa muda akiuza omena na rafiki yake, na mwishowe akarudi nyumbani kwao, ambako pia ndiko kwetu, katika bonde la Lambwe. Alishuka kwenye pikipiki na gunia la omena. Ndani ya gunia, chini kabisa, imeviringishwa kwa leso mbili, ndimo ilimokuwa laptopu.

"Mwizi gani atapekua omena?" alimwambia Baba, akicheka.

Ilinuka hivyo maisha yake yote. Feni ilipoanza kuzunguka, ilipuliza samaki.

Siku hizi nikiwa kwenye mahojiano ya kazi huulizwa nilianza lini kuandika programu, nami hujibu kwamba ni mwaka wa kwanza wa chuo. Jibu hilo halina mzozo. Nikisema nilianza katika ua wa Dani, kwa miguu, nikiburuta kijiti, wataandika nini? Usiku wake huwa silali, nikijiuliza kama wameniona mwongo au mjinga. Lakini ninyi wa rika langu mtanielewa. Mnakikumbuka kile chumba cha kompyuta shuleni: mnavua viatu mlangoni, mashine zimefunikwa vitambaa kama maharusi, mwalimu amekwenda na ufunguo, na akirudi na ufunguo, umeme umekwenda. Katika somo la Kiswahili tulifundishwa kuiita tarakilishi. Nilipata alama zote katika swali hilo na sikuwa nimewahi kuigusa.

Kwetu umeme haukuwepo. Waya aliichaji laptopu kwa kinyozi pale sokoni, na betri yake ilikuwa imezeeka, haikai. Kwa hiyo alibuni njia yake ya kufundisha. Kila jambo tulilifanya kwanza uani, kwenye vumbi lililofagiliwa, na lilipokaa sawa ndipo alipoifungua mashine.

"Leo wewe ndiye kobe," aliniambia siku ya kwanza. Alinipa kijiti nikiburute nyuma yangu kiache alama. "Mbele kumi."

Nikatembea hatua kumi.

"Kulia."

Nikageuka kulia, nikaendelea kutembea.

"Nani amekuambia utembee?"

"Si umesema kulia?"

"Nimesema ugeuke. Kobe hana akili ya ziada. Usimsaidie."

Dani alikuwa ameketi mlangoni mwake akipepeta mtama. Akainua uso. "Atieno, mtoto amekukosea nini unamzungusha juani hivyo?"

"Namfundisha lugha ya kompyuta, Mama."

"Lugha gani hiyo ya kumtembeza mtu kama ng'ombe wa kulima?"

"Hata ng'ombe wa kulima anajua zaidi," Waya alisema. "Yeye akifika mwisho wa shamba hugeuka bila kuambiwa."

Nilizunguka mpaka kijiti kikachora mraba. Miguu ilikuwa myekundu kwa vumbi, na mbung'o mmoja alikuwa ameniuma shingoni. Nilimwacha aume kwa sababu Waya hakuwa amesema nimfukuze. Sijui kama nitaweza kueleza raha ile. Nilikuwa mtoto ambaye akitumwa chumvi kwa jirani hufika kwenye ua wao akasimama, akiwaza aseme nini kwanza, na wakisema hili ajibu nini, hadi mboga nyumbani zinaiva bila chumvi. Na sasa palikuwa na mtu aliyetaka nifanye lile alilolisema, basi, na lisipokuwa sawa, kosa ni la maneno, tunayarekebisha, tunaanza upya.

Kobe mwenyewe, nilipomwona siku iliyofuata kwenye skrini, alinivunja moyo kidogo. Hakuwa na gamba wala miguu. Alikuwa pembetatu ndogo tu katikati ya weupe. Waya alikuwa ameshamfundisha maneno yetu, mbele na nyuma, kulia na kushoto, rudia, ili Kiingereza kisinisumbue. Nikavuta kibodi. Lakini kwetu huwezi kumkuta mtu na kumwambia "mbele hamsini" kabla hujamjulia hali. Nikaandika kwa kidole kimoja: oyawore. Umeamkaje. Nikabonyeza.

Mashine ikajibu kwamba haijui oyawore.

Nilimgeukia Waya, masikio yakiwa ya moto. "Imekataa salamu."

"Haijakataa. Imesema haijui. Wewe umekutana na watu wazima wangapi wanaosema hawajui? Ifundishe."

Akanionyesha namna ya kuipa neno jipya: unaliandika neno, chini yake unaeleza maana yake kwa maneno ambayo tayari inayajua, halafu unafunga. Tukaamua kwamba ikisikia oyawore, kobe azunguke mara moja papo hapo alipo. Tangu siku hiyo kila tulipoiwasha nilianza kwa salamu, naye kobe alizunguka, kisha tukaingia kazini. Waya hakuniambia kwamba ninapoteza betri.

Neno la pili nililomfundisha lilikuwa nyumba: mraba, na pembetatu juu. Nikaona nimchoree Waya boma lote letu. Nilianzia palipokuwa karibu, kwenye lango, nikaweka nyumba ya Baba upande mmoja wa lango, na ya baba mdogo, aliyekuwa Masara akichimba dhahabu, upande wa pili. Ya Dani nikaiacha mwisho kwa sababu ilikuwa mbali, juu kabisa, ikitazamana na lango.

Dani alikuja kuona. Alisimama nyuma yetu akajifuta mikono kwenye kitenge, akatazama kobe akijenga. Ghafla akapiga kofi kwa viganja vyake viwili.

"Simamisha! Nyieka, simamisha huyo!"

Nyieka ni mke mwenza. Ndivyo nyanya wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kike, kwa utani, kana kwamba tumeolewa na mume mmoja.

"Kuna nini, Dani?"

"Umejenga nyumba ya mtoto kabla ya nyumba ya mama. Nimelala wapi mimi wakati mwanangu anaezeka? Kwenye nyasi?"

Waya alicheka hadi akashika meza. "Mama, kompyuta haijali nani alitangulia."

"Basi ifundishwe. Si unasema inafundishika?"

Tukafuta, tukaanza upya: kwanza nyumba ya Dani, kisha ya Baba ambaye ndiye mkubwa, kisha ya baba mdogo, na mwisho ua wa kuzunguka. Dani alisimama hadi kobe alipofunga ua, akasema "Eee, hapo sasa," akarudi jikoni. Na hapo ndipo nilipoingiwa na wazo lililonitesa muhula mzima. Wiki ileile Baba alirudi na miti begani, akaliziba pengo la ua lililokuwa wazi tangu msimu wa mvua. Mimi nilikuwa nimemwamuru kobe aufunge ua. Na ua umefungwa. Waya alisema ukiamuru vizuri, inafanyika. Hakuna aliyeniambia kwamba inafanyika ndani ya skrini tu, na mimi sikuuliza, maana nilidhani kuuliza kungeharibu.

Sasa niseme kuhusu godoro. Waya hakuwa na chumba. Alilala sebuleni kwa Dani, kwenye godoro alilolikunja kila asubuhi na kulisimamisha nyuma ya kabati ili wageni wakija wasilione. Mkoba wake ulining'inia kwenye msumari karibu na mlango, umejaa, zipu imefungwa, kama wa mtu anayesubiri kuitwa jina. Sikuupenda mkoba ule. Nilipopita niliugusa kuona kama bado ni mzito.

Kwa hiyo nikamjengea. Nilichagua mahali pazuri, kati ya nyumba ya Dani na ghala, nikaongeza kitu ambacho nyumba nyingine hazikuwa nacho: mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa.

"Hii ya nani?" Waya aliuliza kobe alipomaliza.

"Yako."

Akaweka kidole kwenye skrini, juu ya paa, taratibu, kana kwamba rangi haijakauka. "Na hiki ni nini?"

"Dirisha. Uone ng'ombe wakirudi."

"Hata dirisha!" alisema. Siku hiyo aliniachia mashine hadi betri ikaisha.

Dani alipoiona hakupiga kofi. Alihesabu nyumba kwa kidevu, akafika kwenye ile ya dirisha, akajua bila kuambiwa.

"Nyieka," alisema polepole, "binti hajengewi ndani ya boma la baba yake. Msichana ni ogwang', paka wa mwituni. Makao yake yako mbele. Ukimjengea hapa, umemfungia njia."

"Mama, ni mistari tu," Waya alisema.

"Hata ua ni miti tu," Dani akajibu, akaenda zake.

Mwezi huo Waya aliitwa Migori kwa mahojiano. Aliipiga pasi ya makaa ile sketi yake ya kijivu, akaupaka mkoba mafuta ya kupikia ung'ae, Dani akamwombea mkono ukiwa kichwani. Jioni alirudi na viatu mkononi. Walisema watapiga simu. Kwetu simu ilishika mtandao sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya zizi, na kila mchana Waya alipanda pale, akasimama ameinua mkono kama mwanafunzi anayejua jibu ambaye mwalimu hamwoni. Simu haikuja. Akaitwa Homa Bay. Alipofika akaambiwa nafasi imeshajazwa.

Ninyi mngeona bahati mbaya. Mimi niliona programu. Nililiwaza jambo lile hadi nikakosa hamu ya uji. Kila tulipoiwasha mashine, kobe alianza kutoka mwanzo: nyumba ya Dani, ya Baba, ya baba mdogo, ya Waya. Hakuijenga mara moja ikaisha. Aliijenga upya kila siku, na mimi ndiye niliyebonyeza. Dani alisema nimemfungia njia. Kumbe nilikuwa nikiifunga tena na tena, baada ya salamu.

Halafu nikamsikia Waya akiongea na Baba zizini. Nilikuwa nimeshika ndama, hawakujali kwamba nipo.

"Kaka, Migori wameniita tena. Kile chuo kidogo cha kompyuta, wanatafuta mwalimu. Alhamisi. Nikikosa hii, narudi kwenye omena."

"Kuna mtu amekufukuza hapa?"

"Hakuna. Mnanipenda sana. Lakini siwezi kuzeeka kwenye godoro la Mama, huku vidole vikisahau."

Baba aliendelea kukamua. Maziwa yaligonga ndoo. "Basi Alhamisi uende na mapera kidogo," alisema mwishowe. "Mtu akiwa na njaa hajibu vizuri."

Jumatano mchana Waya alikwenda mtoni kuoga. Niliifungua laptopu. Feni ikapuliza samaki. Niliandika oyawore, kobe akazunguka, na kuzunguka kwake kukanifanya nione kama namdanganya mtu aliyenisalimia vizuri. Nikaitafuta mistari ile. Wakati huo sikujua kwamba unaweza kuvifuta vitu kwa pamoja, kwa hiyo nilifuta herufi moja moja, kama mtu anayeezua paa unyasi kwa unyasi. Dirisha likatangulia. Kisha nyumba. Nikabonyeza kobe aanze.

Akajenga ya Dani. Akajenga ya Baba, akajenga ya baba mdogo. Kisha akapita mahali pa Waya bila hata kusita, akaenda kufunga ua. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba hakusita.

Sikusikia hatua. Waya alikuwa amesimama mlangoni, taulo begani, maji yakimtiririka shingoni. Alitazama skrini.

"Nyumba yangu iko wapi?"

Niliifunika skrini kwa kiganja.

"Ni Dani amekutuma?"

Nikatikisa kichwa.

"Ni wewe mwenyewe." Alisema hivyo kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, akaketi kwenye kiti cha Dani, akaanza kukausha nywele, akirudia palepale. "Sawa. Hata wewe. Sawa."

Ndipo nikapasuka. Nililia, na katikati ya kilio nikamweleza yote kwa mkupuo mmoja: ua na miti ya Baba, ogwang', Homa Bay, kichuguu, kobe anayejenga kila siku. "Nilikuwa nimekufunga, Waya! Na kesho ni Alhamisi!"

Taulo lilisimama hewani. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, halafu nikaona ni vyote viwili.

"Wewe mtoto," alisema akinivuta, "unawaza hadi mawazo yenyewe yanaomba kupumzika. Njoo hapa. Hiki kidude hakiwezi kumfunga mtu. Hakiwezi kuua hata mbu. Kinachora, basi."

"Na ua je?"

"Baba yako aliziba ua kwa sababu fisi wa mbuga ya Ruma alimla mbuzi wake. Muulize huyo mbuzi."

Niliamini nusu. Nusu nyingine bado ninayo, nikiwa mtu mzima mwenye shahada. Hadi leo kuna mistari ninayoifuta nikiwa nimeshika pumzi. Niwaondolee wasiwasi, kwa sababu mimi mwenyewe sipendi kusoma nikiwa nimeukunja moyo: kazi ile ya Migori aliipata, na aliondoka na mkoba wake kabla mahindi hayajakomaa. Lakini Jumatano ile hakuna aliyejua.

"Nirudishe nyumba?" niliuliza.

Waya alifikiri. Alama ya betri ilikuwa imeshageuka nyekundu. "Hapana," alisema. "Wewe ulitaka nipate njia. Nichoree njia."

Tukamweka kobe mlangoni kwa Dani, uso wake umeelekea langoni.

"Mbele ngapi?" nikauliza.

"Mpaka Migori."

Nikaandika nambari kubwa kuliko zote nilizowahi kumpa. Dani akaingia wakati huo amebeba sufuria ya chai, akasimama kuona ni kitu gani kimetukutanisha vichwa. Nikabonyeza. Mashine ilikuwa nzito siku hiyo. Kobe alishuka pole, akapita kati ya nyumba ya Baba na ya baba mdogo, akatoka langoni, akaendelea, akafika ukingo wa chini wa skrini. Akatoweka.

Nilimshika Waya mkono.

Halafu, juu kabisa ya skrini, palipokuwa patupu, ncha ya pembetatu ikachomoza. Kobe alikuwa anaingia tena. Alishuka kwa mstari uleule mnyoofu, akaukata ua, na nambari yangu kubwa ikaishia hapo. Akasimama nyuma ya nyumba ya Dani.

"Ametokea wapi huyu?" Dani aliuliza.

"Hii skrini ndivyo ilivyo, Mama," Waya alisema, naye mwenyewe akionekana kama hakuwa ameikumbuka. "Ukienda mbele sana unatokea upande wa pili."

"Huyu ni Atieno?"

Dani aliinama karibu na skrini, mvuke wa chai ukampanda usoni, akamtazama kobe aliyesimama pale nyuma, peke yake, karibu na ukuta wake.

"Nyuma ya nyumba wanapita fisi na wezi," alisema. Akaiweka sufuria chini, akanisogezea kibodi. "Nyieka, mwambie azunguke aingie langoni. Hapa ni kwao."